Nusu Iliyokwenda Entebbe

Ukimwuliza Odwori ni mwaka gani uliomfaa kuliko yote, hatakutajia mwaka aliooa wala mwaka alioezeka nyumba yake kwa mabati. Atakuambia sitini na nne, kisha atatazama upande wa Iyolwa, kambi ilikokuwa, na mkewe Athieno atabenua midomo. Ana haki ya kubenua. Lakini mpe muda, mwache amalize kuchambua mboga zake, naye atakiri kwamba mwaka ule kambi ya Kilima cha Koth ilikuwa kambi kweli, na kwamba waliokuja miaka ya baadaye na vihema vyao walikuwa wanacheza tu.

Kilima chenyewe si kitu. Ni mgongo wa mawe na vichaka, mwendo wa baiskeli kutoka Tororo, na kabla ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa mbuzi wa watu mahali pa kupanda. Kisha kampuni moja ya ng'ambo ikasikia kwamba ndani yake huenda mna urani, madini ambayo wakubwa wa dunia siku zile walikuwa wakiyatafuta kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa. Yakaja malori, ikaja mitambo miwili ya kutoboa mwamba, yakasimamishwa mabanda ya mabati, na watu wakafuata. Walikuwepo Wasamia wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, Wateso wa Malaba, na Wapadhola wenyeji wa hapohapo. Mpaka ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa mpaka wenye adabu. Nashon, fundi wa mtambo wa kwanza, alikwenda kwake upande wa Kenya kila Jumamosi na nyama, akarudi Jumatatu na samaki wakavu, na aliyemsimamisha njiani alitaka tu kumuuliza hali ya watoto.

Odwori alifika kutoka Sikuda, huko Busia ya Uganda, akiwa na blanketi moja na umri wa miaka thelathini na nne. Hadi siku hiyo alikuwa mtu wa vibarua. Alikwisha kubeba marobota ya pamba, alikwisha kuvunja kokoto za barabara, na kote huko hakuna msimamizi aliyewahi kumwita kwa jina lake. Walimwita "wewe". Hapa kambini wakamkabidhi banda zima, meza, na mashine ya kupasulia mawe, na juu ya mlango fundi rangi akaandika ODWORI kwa herufi nyeupe. Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya mlango ule, akajisoma, akazunguka banda, akarudi akajisoma tena.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtambo ulizama ardhini, ukatoka na mwamba uliokatwa mviringo, mnene kiasi cha mpini wa jembe. Wanaume waliuita muwa. Miwa ililazwa kwenye masanduku marefu ya mbao kwa mpangilio uleule iliotokea ardhini, wa juu kwanza, wa chini mwisho. Kisha mjuzi wa miamba alipita na kile kidude chake kinacholia, na pale kilipopiga kelele nyingi alichora chokaa. Hapo ndipo zamu ya Odwori ilipoanza. Aliupasua muwa katikati kwa urefu, nusu moja akaitia kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba ili iende maabara ya Entebbe kupimwa, nusu nyingine akairudisha sandukuni ikae kama shahidi.

"Nusu kwenye mfuko, nusu kwenye sanduku," aliambiwa siku ya kwanza, na hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake yote. Hakuna aliyemwambia ni nusu ipi iende wapi. Na kwa nini waseme? Mtu aliyelelewa anajua. Mama yake, Loice, kule Sikuda, alikuwa mwanamke ambaye angewalaza wanawe njaa kuliko kumpa mgeni shingo ya kuku. Mgeni alipewa firigisi na paja. Kitu kilichopelekwa kwa watu kilichaguliwa kwanza, kikafutwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba, na kilichobaki nyumbani ndicho chenu, kuleni mnyamaze. Basi Odwori alipoupasua muwa na kuona nusu moja ina mistari mingi ya weusi na nyingine imepauka, hakuwa na haja ya kufikiri. Nyeusi ilifutwa vumbi, ikaenda Entebbe. Iliyopauka ikarudi sandukuni.

Alifanya hivyo kwa mashimo thelathini na moja. Alifanya vizuri, tena kwa upendo, na sijui nani angemlaumu.

Mjuzi wa miamba aliyekuwepo wakati huo alikuwa Okanya, Mteso wa miaka ishirini na saba aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na koti moja zito asilopata kulivaa tena. Waliomtangulia walikuwa wazungu tu. Yeye alikuwa wa kwanza mwenye nywele kama za wafanyakazi wake, na kambi nzima ilimpenda kwa namna ya kumlinda, kama vile mtu anavyomlinda mwanawe asijikwae mbele ya wakwe. Kazi yake kubwa ilikuwa moja: kusema kilima kina urani kiasi gani. Ripoti ingebeba sahihi yake, nayo ilitakiwa ng'ambo kabla ya Krismasi. Kampuni ilikuwa imetoa sharti waziwazi. Tani moja ya mawe ikiwa na ratili mbili za urani kwenda juu, mgodi utajengwa. Ikiwa chini ya hapo, wanafunga mizigo.

Na majibu ya Entebbe yalikuja mazuri. Yalikuja mazuri mno! Kila bahasha ilipofunguliwa Nashon aliacha mtambo unanguruma peke yake, akaja kusikia. Alikwisha kupanga kila kitu. Mgodi ungedumu miaka ishirini, angemhamisha mkewe Anjeline kutoka ng'ambo ya mpaka, angejenga palepale chini ya kilima na kufuga ng'ombe wa maziwa. Athieno, ambaye wakati ule alikuwa mpishi wa kambi na hakuwa mke wa mtu, alitaka jiko la matofali. Odwori hakutaka kitu kipya. Alitaka vilevile vilivyokuwepo viendelee: banda, jina juu ya mlango, chai ya saa nne, Nashon akimtania, Okanya akimwuliza, "Odwori, leo umeona nini?" kana kwamba macho ya Odwori yalikuwa yamesoma Ulaya nayo.

Siku moja ya Ijumaa, mwezi wa kumi na moja, Okanya alimwita ofisini amsomee namba za Entebbe. Odwori alikuwa amefika darasa la nne, na namba alizijua. Mezani palikuwa na karatasi kubwa kama kitanda, na juu yake kilima chote kimechorwa, kila shimo ni kidoti, kila kidoti kimezungushiwa mistari. Okanya alikuwa akizungusha mkono wa mashine ya hesabu, akiandika, akizungusha tena.

"Hii mistari ni ya nini?" Odwori akauliza.

"Ni mpaka," Okanya akasema. "Angalia. Shimo ni tundu tu. Kutoka hii mpaka ile iko hatua mia, na katikati hapana mtu ameona. Sasa mimi nafanya kama majirani. Napiga mpaka hapa nusu ya njia. Upande hii ni shamba ya namba saba, upande ile shamba ya namba nane. Napima shamba, nazidisha na unene ya mawe yenye urani, napata tani. Halafu nauliza ile nusu ulituma Entebbe: wewe uko na ratili ngapi? Yeye anajibu kwa niaba ya shamba yote."

"Nusu moja ya muwa anajibu kwa shamba yote?"

"Yeye tu. Tani elfu thelathini, nasikiliza kipande ya kushika na mkono moja." Okanya akacheka, akauzungusha mkono wa mashine. "Ndiyo maana mtu anapasua bila kuchagua. Ukichagua, hesabu yote imekufa. Soma ingine."

Odwori akasoma nyingine. Hata leo hajui alisoma nini. Sauti yake ilikuwa ikitoka na namba zikiandikwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa amebaki kwenye neno lile la kuchagua. Walipomaliza Okanya alipiga mstari chini ya karatasi, akasoma jumla kwa sauti: tani laki tisa, kila tani ratili mbili na nusu. Kisha akasema jambo ambalo hakulisema kwa majigambo, alilisema taratibu kama mtu anayejionya mwenyewe. "Wakichimba wakute pungufu, hawatasema kilima imewadanganya. Watasema Mwafrika hajui hesabu."

Odwori alitoka akaenda bandani kwake, akafungua masanduku. Alifungua namba moja, akafungua tisa, akafungua ishirini. Miwa iliyolala humo ilikuwa ya kijivu, imepauka, kama ilivyotakiwa kuwa kwa adabu ya nyumbani kwao. Hapo ndipo alipoyaona yote, na mtu asikudanganye kwamba aliyeishia darasa la nne hawezi kuyaona. Kilima kilikuwa kimepimwa kwa firigisi na mapaja. Shingo na miguu vilikuwa hapa, vimefunikwa, na hakuna aliyeviulizia.

Jumamosi hakula. Athieno alimwekea sahani, akaikuta vilevile, akamuuliza kama chakula chake kimekuwa sumu. Jumapili alikwenda kanisani, akarudi bila kukumbuka mahubiri yalihusu nini. Aliipiga hesabu yake mwenyewe, isiyohitaji mashine. Akinyamaza, nani atajua? Mgodi utajengwa, kambi itakuwa mji, jina litabaki mlangoni. Itapita miaka mitatu, minne, kabla hawajafika chini na kukuta pungufu, na kufikia siku hiyo nani atamkumbuka mpasuaji? Watamkumbuka mwenye sahihi. Na akisema, basi kwa mkono wake mwenyewe anaifukuza kambi nzima, Nashon na ng'ombe wake wa maziwa, Athieno na jiko lake, na yeye anarudi kuitwa "wewe". Aliizungusha hesabu ile siku mbili nzima, na kila mara alikwama palepale, kwenye sahihi ya Okanya. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, alikwenda ofisini, akavua kofia.

"Bwana Okanya, mimi nilikuwa nachagua."

Okanya hakuelewa mara ya kwanza. Alipoelewa alicheka, akidhani ni mzaha wa Nashon, kisha akaona kofia ilivyokunjwa mikononi mwa Odwori, akaacha kucheka. Alichukua kidude chake cha kulia, wakaenda bandani. Alikipitisha juu ya sanduku la kwanza. Kililia kidogo, kivivu. Juu ya la pili, vivyo hivyo. Kwenye sanduku la kumi alikizima, akaketi juu ya sanduku lenyewe.

"Shimo ngapi?"

"Yote."

"Yote thelathini na moja?"

"Yote, bwana."

"Kwa nini, Odwori? Nani alikuambia chagua?"

Hapo Odwori, ambaye alikuwa amejiandaa kuomba msamaha tu, alijikuta anajitetea. "Hapana mtu aliniambia. Lakini mawe ilikuwa nakwenda kwa watu, mbali. Wewe ukifika kwa mama yangu Sikuda, yeye anaweza kukupa shingo ya kuku?"

Okanya alikuwa amesoma miamba yote ya dunia, lakini alikuwa pia na mama, kule kwao Utesoni, na mama huyo naye alikuwa akimwekea mgeni firigisi na paja. Odwori alisubiri neno la kumfukuza kazi. Badala yake lilikuja swali.

"Nusu hizi zingine, ziko zote?"

"Ziko. Hata kipande moja hapana potea. Kila moja na namba yake."

Okanya akasimama. "Basi umeharibu," akasema, "lakini umeharibu kwa utaratibu. Tutatuma hizi pia. Nusu na nusu ni muwa mzima. Tutapata ukweli." Akaweka mkono begani kwa Odwori, wa mdogo kwa mkubwa, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya, akatoka kwenda kuwaandikia wakubwa kwamba ripoti itachelewa.

Mifuko ilikuwa mia tisa. Odwori aliijaza mwenyewe, akakataa msaada, akakataa hata chai ya saa nne. Alianza jua likichomoza na kuacha likizama, akitia, akifunga, akiandika namba, kama mtu anayelipia dhambi kwa jasho. Siku ya kumi lori liliondoka na mzigo wote. Okanya alisema kazi ile ilistahili miezi miwili.

Krismasi ya mwaka huo ndiyo Krismasi ambayo Odwori hulinganisha nayo nyingine zote, na zote hushindwa. Kambi ilijua, maana mambo kama hayo hayafichiki, na kila mtu alikula kama anayejua huenda sahani hiyo ni ya mwisho mahali hapo. Nashon alikuwa hamsemeshi. Kwa muda wa majuma mawili alipita mbele ya banda bila salamu, yeye aliyekuwa hapiti bila kutukana. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, akaja na chupa mbili za soda, akaketi kwenye ngazi.

"Omwana wefwe," akasema kwa Kisamia chao, yaani mwana wa kwetu, kisha akaendelea kwa Kiswahili, "nimekukasirikia mpaka nimechoka. Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Na ningeishi vizuri, na ningemchukia huyu kijana kila nikimwona, kwa sababu ningekuwa nimemuuza. Kunywa soda yako, usinitazame hivyo."

Majibu yalikuja mwisho wa Januari. Okanya alimwita tena Odwori amsomee namba, karatasi ileile mezani, sasa na kifutio pembeni. Zilisomwa mbilimbili, ya nusu nyeusi na ya nusu iliyopauka, Okanya akazijumlisha, akagawa kwa mbili. Namba saba ikashuka chini ya ratili mbili. Akafuta shamba lake. Namba nane ikasimama kwa shida. Kumi na mbili ikaanguka, kumi na tatu ikaanguka. Kilima kilikuwa kinapungua mbele ya macho yao, kutoka ukingoni kwenda ndani, mpaka karatasi ikawa nyeupe kila upande na katikati yakabaki mashamba sita yamekumbatiana. Ukiyachukua hayo sita peke yake ni tani laki moja na nusu. Ukichukua kilima chote, kila tani ratili moja na robo tatu, chini ya sharti la kampuni.

"Kidogo," Odwori akasema.

"Kidogo," Okanya akaitikia. "Lakini iko hivyo."

Ripoti iliandikwa. Kabla haijafungwa Okanya alimwonyesha ukurasa mmoja, akamwekea kidole kwenye mstari. Odwori alijua Kiingereza cha kutosha kukuta jina lake humo, na Okanya akamfasiria yaliyolizunguka: kwamba kosa katika upasuaji wa miwa liligunduliwa na kutajwa na mpasuaji mwenyewe, na kwamba bila uaminifu wake makadirio haya yasingekuwa na thamani. Chini yake palikuwa na sahihi ya Okanya, imesimama wima. Odwori aliuliza kama angeweza kuisoma mara ya pili. Aliruhusiwa, akasoma mara nne.

Mwezi wa tatu mitambo iling'olewa, mabati yakashushwa. Mlango wenye jina aliuomba, lakini ulikuwa umeshapakiwa. Nashon alivuka mpaka na Jumatatu hakurudi. Okanya alipelekwa kaskazini, kwenye kilima kingine, na kwa miaka kadhaa alituma salamu kwa kila dereva aliyepitia Tororo. Odwori alirudi Sikuda na blanketi lake, na baada ya mavuno akarudi Iyolwa, si kwa ajili ya mawe. Alikuja kumposa Athieno kwao, na mwaka uliofuata wakampata binti yao, Aboth.

Sasa nyasi zimefunika kila kitu pale juu, na mbuzi wamerudia kilima chao. Wazee wawili wanakaa nje, Odwori akimenya mihogo, mkewe akichambua mboga, na jina la mwaka ule likitajwa Athieno hukasirika kidogo, kama nilivyosema. Juzi alikasirika kuliko kawaida, akaweka ungo chini.

"Baba Aboth," akasema, "kila siku sitini na nne, sitini na nne. Kama ulipenda hivyo, kwa nini ulisema? Wangekurudisha ile Jumatatu, ungesema tena?"

Odwori aliacha kumenya. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa na hakimu.

"Kusema, ningesema," akajibu. "Siwezi kumwacha Okanya aandike uongo. Lakini ile mifuko mia tisa, singejaza kwa siku kumi. Ningejaza mbili kwa siku."

Midomo ya Athieno ikawa inahesabu bila sauti, mbili kwa siku, mbili kwa siku, mpaka akafika mahali ambapo ni mwaka mzima na zaidi wa kambi, akauinua ungo wake, akarudia mboga.